Siku ya Tatu Mpe Jembe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na mwenzetu aliyemaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1979. Tumeyachapa kama alivyoyasema, kwa ombi la wengi waliokuwapo na la wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya imani na uvumilivu. Nilimjibu kwamba mimi si mchungaji wala shehe. Ni fundi wa pampu za maji niliyestaafu, na katika mambo ya dini sina elimu ya kuwapita ninyi. Akanijibu kwa mstari mmoja tu: “Basi tueleze ulivyohama.” Kwa hiyo nitawaeleza habari ya kuhama mara tatu: mara ya kwanza nikiwa mtoto, mara ya pili nilipoletwa hapa shuleni, na mara ya tatu nikiwa na mvi hizi mnazoziona. Mara zote tatu mwalimu wangu alikuwa mtu mmoja, naye hakujua kusoma wala kuandika. Ni mama yangu.

Nilizaliwa mwaka 1961, magharibi ya mji wa Dodoma. Siku zile sisi Wagogo hatukukaa kwa kukusanyika. Kila mzee alikuwa na tembe lake, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa tambarare, na jirani yake alikuwa mbali kiasi cha kuona moshi wake tu. Mambo hayo hayakuwa ya ushamba, kama wengine walivyodhani. Ng'ombe walihitaji nafasi, na mvua ya kwetu huchagua: hunyesha hapa ikapaacha pale. Watu waliotawanyika hawafi njaa wote kwa siku moja.

Mwaka 1971, baada ya ukame, ikaja Operesheni Dodoma. Nia ilikuwa watu wa mkoa wote wakae katika vijiji vya ujamaa, ili wapate shule, maji na zahanati mahali pamoja. Wenzangu wa mikoa mingine mnakumbuka kwamba kwenu jambo hili lilikuja baadaye, pale Mwalimu Nyerere alipotangaza mwezi Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na kikomo kikawa mwisho wa mwaka 1976. Sisi tulitangulia tu.

Lori lilifika kwetu mwezi wa Septemba. Tuliambiwa tupakie. Mama alipakia jiwe la kusagia, vyungu, na kibuyu cha mbegu za uwele. Baba hakupakia kitu. Alizunguka tembe mara moja, akaufunga mlango kwa kamba kama mtu aendaye mnadani atakayerudi jioni, akaondoka kwa miguu nyuma ya ng'ombe wake. Mama alikuwa Mkristo. Baba alishika dini ya wazee wake, na makaburi ya baba yake na babu yake yalikuwa hatua chache kutoka kwenye zizi. Usiku ule, katika kijiji kipya, nilimsikia akimwambia mama maneno ambayo sijayasahau: “Mungu wako yuko kila mahali. Wazee wangu wako pale tu.”

Vijana, msimcheke baba. Nimeishi miaka mingi na kusikia mahubiri mengi, na bado sijapata jibu rahisi la maneno yale.

Siku ya kwanza kijijini tulilala nje. Siku ya pili tulijenga kibanda cha nyasi. Siku ya tatu, alfajiri, tulimwona mama ameshika jembe anasafisha kipande cha ardhi nyuma ya kibanda. Mvua ilikuwa bado miezi miwili na zaidi. Baba akamwuliza analima nini katika nchi ya watu. Mama akasema: “Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Hapa hakuna mwenyeji wa kunipa, basi nimelichukua mwenyewe.”

Methali hiyo mnaijua wote. Kwa kawaida tunaitumia kumsema mgeni mvivu. Mama ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akijiambia mwenyewe.

Baba hakujenga. Majirani walisimamisha matembe yao, sisi tukabaki katika kibanda, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila alipoulizwa alisema, “Tutarudi.” Wakati huo mama alikuwa analima shamba dogo la kijijini, na siku nyingine anakwenda kwa miguu kilomita 12 kulima shamba letu la zamani, na jioni anarudi na kuni kichwani. Sikumsikia akinung'unika. Lakini nisidanganye: nilimsikia akilia, mara moja, penye mbuyu ambapo Wakristo wa kijiji walikuwa wakisali kabla ya kujengwa kanisa. Uvumilivu usiolia huo sijauona bado kwa binadamu.

Chini ya mbuyu huo ndipo niliposikia mwinjilisti akieleza barua ambayo nabii Yeremia aliwapelekea watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Watu wale walikuwa na manabii wengine waliowaambia kwamba watarudi upesi. Yeremia akawaambia kwamba kurudi kutakuwa baada ya miaka 70, na kwamba katika muda huo wasikae kama abiria bali wajenge, walime, waoe na kuoza, tena wauombee heri mji ule ule uliowateka. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilihesabu vidoleni nikaona kwamba wengi wa waliopelekewa barua ile wasingerudi kamwe. Waliambiwa wapande miti ambayo wangekula matunda yake ugenini. Nilimtazama mama. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za jirani yake.

Mwezi wa Januari 1974 kibanda chetu kilianguka usiku katika mvua. Hakuna aliyeumia, lakini mdogo wangu alilowana mpaka asubuhi, na baada ya siku tatu akashikwa na homa ya mapafu. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati mpya ya kijiji. Ilikuwa mwendo wa nusu saa. Kutoka tembe letu la zamani ingekuwa mwendo wa siku nzima, na mtoto yule hakuwa na siku nzima. Alipona. Leo ni babu wa wajukuu wanne.

Baba hakusema neno. Mtoto alipopata nafuu alitoka peke yake alfajiri, akaenda kule kwa zamani. Alirudi usiku na nguzo moja begani, nguzo ya katikati ya lile tembe, iliyochongwa na babu. Kilomita 12, mzee yule, na nguzo ya mti mgumu! Akaitua chini akasema, “Nimewaaga. Nimewaambia tulipo.” Kesho yake akaanza kujenga, na nguzo ile akaisimamisha katikati ya nyumba mpya.

Wenzangu, sitaki mtoke hapa mkisema kwamba nimewaambia kuhamishwa ni jambo jema. Ng'ombe wengi walikusanyika mahali pamoja, majani yakaisha, na kati ya ng'ombe 40 wa baba walibaki 11. Mwaka ule ule wa 1974 njaa ikaingia nchini, nafaka ikaagizwa kutoka nje, nasi tukala ugali wa mahindi ya njano tulioubatiza jina la yanga. Zahanati ilimwokoa mdogo wangu, na zizi la baba likawa tupu. Yote mawili ni kweli, na mtu mzima hujifunza kuyabeba yote mawili bila kulitupa moja.

Sasa kuhama kwa pili. Januari 1976 nilishuka kwenye basi pale njia panda, nikiwa na sanduku la bati, kwanja na shuka moja. Nyumbani palikuwa mbali, siku mbili za safari. Wenzangu walicheka Kiswahili changu, na usiku bwenini nilijifunika shuka ili wasijue. Wiki ya pili nikaandika barua nyumbani, kwamba ninaumwa na hapa hapanifai, nitumieni nauli. Barua ilisomwa na mwinjilisti, na mwinjilisti akaandika jibu. Baada ya salamu ndefu za majirani wote lilikuwa na swali moja tu la mama: “Je, wamekwisha kukupa jembe?”

Mwaweza kuhesabu wenyewe. Siku zile za Elimu ya Kujitegemea hapakuwa na mwanafunzi asiye na jembe hapa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka shamba la shule, malengelenge mikononi. Nilicheka peke yangu, na tangu siku hiyo nikawa mwenyeji. Wale miembe nyuma ya bweni la pili, kundi letu ndilo lililoichimbia mashimo, na wengi wetu hatukula embe lake hata moja. Nimefurahi leo kuona vijana wanakula.

Jirani yangu kitandani alikuwa Mwislamu kutoka pwani. Nilipomweleza habari ya mama na barua ya Yeremia, alinifundisha jambo nisilolijua. Aliniambia kwamba kalenda yao haianzi na siku aliyozaliwa Mtume, wala siku aliyoshukiwa na wahyi, bali inaanza na kuhama kwake kutoka Makka kwenda Madina, mwaka 622. Akasema, “Sisi tunahesabu miaka tangu tulipofika ugenini tukaanza kujenga.” Yupo hapa leo, ameketi safu ya tatu, na ninaona anajificha.

Kuhama kwa tatu ndiko kunakonitia aibu, na ndiko kulikonifanya nikubali kusimama hapa. Mnajua kwamba mwaka 1973 ilikatwa shauri Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Miaka mingi watu walidhani ni maneno tu. Lakini mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Serikali yote inahamia, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji ukatanuka ukafika kijijini kwetu. Mwaka 2019 nikapigiwa simu kazini Dar es Salaam kwamba ramani ya viwanja imekamilika, barabara itapita katika uwanja wa mama, na kaburi la baba, aliyefariki mwaka 1989, litahamishwa.

Nilipanda basi usiku ule ule, nimejaa hasira. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia kila atakayenisikiliza. Tumehamishwa mara moja, yatosha! Nilifika alfajiri nikamkuta mama, aliyekuwa amepita miaka 80, anaota jua mlangoni. Nikamwambia hatutoki. Nikasema, “Baba yuko hapa. Nani atamwangalia?” Nilipokwisha kusema, nikasikia kwamba maneno yale hayakuwa yangu.

Mama alininyamazia muda mrefu. Kisha akaniuliza huko tunakopelekwa kuna maji kiasi gani. Nikasema sijui, sijaenda kupaona. Akasema, “Wewe ndiye fundi wa maji, na hujaenda kupaona?” Halafu akaongeza: “Baba yako alikuja na nguzo moja. Wewe utachukua nini?”

Ndugu zangu, fidia tuliidai kwa utaratibu, tukaipata. Kudai haki si kukosa imani, na mama mwenyewe aliweka dole gumba lake katika kila karatasi. Baba tulimhamisha kwa heshima, kwa sala za kanisa na kwa maneno ya wazee wa ukoo, maana alistahili yote mawili. Nguzo ya babu nimeisimamisha sebuleni, katika nyumba ya matofali na bati. Haina kazi, dari haiigusi. Wageni huuliza, nami hupata nafasi ya kueleza.

Na siku ya tatu katika kiwanja kile kipya, mama aliomba jembe. Mikono haikuwa na nguvu tena, akapiga mara nne tu, kisha akanipa mpini.

Hayo ndiyo yote ninayoyajua juu ya imani. Zamani nilidhani imani ni kuamini kwamba utarudishwa ulipotoka, au kwamba unakokwenda ni kuzuri zaidi. Siku hizi naona imani ni kulishika jembe siku ya tatu, mahali ambapo hukupachagua, kabla hujajua kama mavuno yatakuwa yako.

Ninyi wa Kidato cha Kwanza mliofika mwaka huu, ambao usiku mnajifunika shuka: nawajua. Lieni, si dhambi. Lakini asubuhi mwulizeni mwalimu liko wapi jembe. Na ninyi wa Kidato cha Nne, mtaondoka hapa mtapelekwa na maisha msikokutaka, wengine mbali kuliko sisi. Chukueni nguzo moja, acheni nyingine.

Mama bado yu hai, na anawasalimu. Aliponiaga aliniagiza nitazame kama miembe ipo. Nitamwambia ipo, na inazaa.