Mizunguko ya Injini na Mwendo wa Gari

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi ya kunena juu ya jambo ambalo kwa sura ni la mafundi, lakini latuhusu sote tulio katika kazi ya Serikali: karani atiaye sahihi daftari la safari, mtunza stoo atoaye petroli, na dereva ashikaye usukani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kuwa daftari lenye hesabu isiyo kweli laweza kupoteza jina la mtu mwaminifu, na jina likipotea halinunuliwi tena stoo.

Kwanza tuitazame kazi ya gari. Mizunguko ya injini hupita katika giaboksi, ikashuka katika difu, ikafika katika magurudumu. Njiani mizunguko hiyo hupunguzwa, ili nguvu ya kusukuma iongezeke. Basi atakaye kujua mwendo wa gari yampasa ajue mambo matatu: injini yazunguka mara ngapi kwa dakika, mizunguko hiyo yagawanywa kwa ngapi kabla ya kufika gurudumuni, na gurudumu likizunguka mara moja, gari lasogea kadiri gani.

Tuchukue mfano wa gari lijulikanalo, Land Rover ya Series II, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958. Katika gia ya nne giaboksi yake haipunguzi kitu: mzunguko mmoja waingia, mmoja watoka. Nyuma yake iko giaboksi ndogo ya pili, ipelekayo nguvu kwenye ekseli za mbele na za nyuma, nayo katika mwendo wa kawaida hugawanya kwa 1.148. Kisha difu hugawanya kwa 4.7. Zidisha 4.7 kwa 1.148, utapata karibu 5.4. Maana yake ni kwamba injini huzunguka mara 5.4 ndipo gurudumu lizunguke mara moja.

Kipimo cha tatu afadhali kipimwe chini kuliko kukisiwa kwa maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira, kwa kuwa mpira ulio chini ya mzigo hubonyea kidogo. Liweke gari mahali tambarare, lina mzigo wake wa kawaida na mipira ina upepo wa kutosha. Tia alama ya chaki ubavuni mwa mpira, pale ugusapo ardhi, na alama nyingine ardhini papo hapo. Lisukume gari polepole mpaka alama ya mpira irudi chini, utie alama ya pili ardhini, kisha upime kati ya alama hizo mbili. Tuseme umepata meta 2.20.

Sasa hesabu ni nyepesi. Injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, gawanya kwa 5.4, magurudumu yazunguka mara 500. Zidisha kwa 2.20, gari lakwenda meta 1,100 kwa dakika. Zidisha kwa dakika 60. Ni meta 66,000, yaani kilometa 66 kwa saa. Na dereva akishuka katika gia igawanyayo kwa 1.5, injini ikaendelea kuzunguka vile vile, mwendo utakuwa kilometa 44 tu.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye jambo. Spidomita ya gari la namna hii haiioni barabara. Huhesabu mizunguko ya shafti itokayo giaboksini, na iliyobaki huikadiria kwa ukubwa wa mpira uliowekwa tangu kiwandani. Mipira ikibadilishwa, spidomita haina habari. Tuseme mipira ya kwanza imekwisha, na stoo imetoa mipira mikubwa zaidi, ambayo mzunguko wake mmoja ni meta 2.42. Kwa mizunguko ile ile 500 gari sasa lakwenda meta 1,210 kwa dakika, yaani kilometa 72.6 kwa saa; lakini mshale wasimama palepale penye 66.

Na daftari je? Dereva amesafiri kilometa 484 za kweli, akatumia lita 60.5 za petroli, yaani lita moja kwa kila kilometa 8, kama ilivyokuwa siku zote. Kwa mipira hiyo mikubwa magurudumu yamezunguka mara 200,000. Spidomita yazidisha kwa 2.20, yaandika kilometa 440. Karani agawanya 440 kwa 8, aona kwamba zilistahili lita 55. Lita 5.5 zimekwenda wapi? Haba na haba hujaza kibaba: baada ya safari kumi ni lita 55, na dereva aitwa ofisini kujibu shtaka la wizi. Hakuiba hata tone. Wala karani hakusema uongo. Amesoma namba zilizo mbele yake. Kosa limo katika mpira, na hakuna aliyeuliza.

Tena iko hatari ya barabarani. Nchini Kenya, mwaka 2004, magari ya abiria yaliamriwa kufungwa vidhibiti mwendo visivyopitisha kilometa 80 kwa saa. Kidhibiti kisomacho mizunguko ya shafti hudanganyika kama spidomita: mipira ikizidi kwa sehemu moja katika kumi, 80 yake ni 88 ya kweli, na abiria hawajui.

Mpira ulioliwa nao hugeuza hesabu, lakini kwa upande wa pili. Unene wake ukipungua sentimita moja, mzunguko wake hupungua karibu sentimita 6, na spidomita huonyesha zaidi ya kweli. Tena gurudumu lizungukalo bure katika matope huhesabiwa kana kwamba limesafiri.

Dawa yake haina gharama. Kila mipira ya ukubwa mwingine ifungwapo, dereva na karani waende pamoja katika barabara yenye vibao vya kilometa. Vibao vikionyesha kilometa 11 na spidomita ikaonyesha 10, basi kila hesabu ya spidomita izidishwe kwa 1.1, ile 440 yarudi kuwa 484. Waiandike namba hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na tarehe na ukubwa wa mpira, na wote wawili watie sahihi. Kuupima mwendo nako ni rahisi: gawanya 3,600 kwa sekunde zilizopita kati ya kibao na kibao. Sekunde 60 ni kilometa 60 kwa saa. Sekunde 45 ni kilometa 80.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wenzetu: kabla hamjaandika barua ya kumshtaki dereva, tokeni nje na chaki na futi ya kupimia. Na ninyi madereva, msingoje kuitwa ofisini; mpira ukibadilishwa, semeni siku ile ile, iandikwe.