Damu Kukoma Si Kupona: Kazi ya Ultrasaundi Katika Matibabu ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Maelezo kwa wakazi katika baraza la afya



Nchini Kenya, saratani ya mlango wa kizazi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, baada ya ile ya matiti. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakitokwa na damu. Matibabu yakianza, mara nyingi damu hukoma, maumivu yakatulia, na mgonjwa akadhani amepona. Wengine huacha kliniki hapo, hasa nauli ikiwa ni ya kukopa. Lakini damu inaweza kukoma huku uvimbe ungalipo.

Ndiyo sababu daktari huagiza picha. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi, hivyo inaweza kurudiwa mara kadhaa. Kifaa hupitishwa juu ya tumbo, au kingine chembamba huingizwa ukeni ili mlango wa kizazi uonekane kwa karibu. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwanza, na anaweza kuomba mhudumu wa kike awepo.

Mtaalamu hupima urefu, upana na kina cha uvimbe, kisha hulinganisha na picha iliyopigwa kabla ya dawa. Uvimbe wa sentimita 6 kila upande ukishuka hadi 3, umebaki sehemu moja kati ya nane. Hiyo ni habari njema, ila matibabu hayajaisha. Ultrasaundi ya Doppler huonyesha pia damu inayolisha uvimbe. Ikipungua, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Figo nazo hukaguliwa. Uvimbe unaweza kubana mirija ya mkojo, na cisplatin, dawa inayotolewa sana pamoja na mionzi, inaweza kudhuru figo.

Uvimbe usipopungua, daktari hupata nafasi ya kubadilisha mpango mapema.

Ultrasaundi haitoshi peke yake. Matokeo hutegemea ujuzi wa anayepima, na mara nyingine MRI huhitajika kuonyesha saratani ilikoenea.

Kwa hivyo, familia zimsaidie mgonjwa amalize matibabu hata akijihisi nafuu. Picha na ripoti zote zihifadhiwe na zibebwe kila ziara. Bila ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho.