Mwendo wa Sawasawa katika Mbio za Marathoni

Mbio za marathoni ni safari ya maili 26 na yadi 385, yaani kilometa 42 na meta 195. Urefu huo ulikimbiwa London mwaka 1908, ukakubaliwa kuwa kipimo cha mbio zote mwaka 1921. Watazamaji huwaona vijana wakianguka karibu na utepe, wakadhani kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mara nyingi hasara imekwisha kutokea katika maili 5 za kwanza, wakati miguu ingali myepesi na watu wanapiga makofi.

Habari za Jim Peters wa Uingereza zafaa kukumbukwa. Mwaka 1952 yeye ndiye aliyekuwa na muda bora kuliko wote duniani, saa 2, dakika 20 na sekunde 42. Mwaka huo huo, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alianza kwa kasi kubwa akamwacha nyuma Emil Zátopek wa Chekoslovakia, mtu ambaye hakuwa amekimbia marathoni hata mara moja. Zátopek alimfikia, akampita, akashinda kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 3. Peters hakumaliza. Mwezi wa Agosti 1954, mjini Vancouver katika nchi ya Kanada, siku ya jua kali, Peters huyo aliingia uwanjani akiwatangulia wenzake kwa dakika 17 hivi. Hapo miguu ilikataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Dakika 11 zikapita naye hajafika mwisho, hata akachukuliwa kupelekwa hospitali. Ushindi ukaenda kwa Joe McGhee wa Uskochi. Michezo hiyo ndiyo ya kwanza ya namna yake ambayo Kenya ilipeleka timu, na Nyandika Maiyoro alitokea wa 4 katika mbio za maili 3. Peters hakukimbia marathoni tena.

Sababu yake yaeleweka. Mwili wa mwanadamu huweka akiba ya sukari katika ini na katika misuli. Akiba hiyo ni ndogo, na kwa wakimbiaji wengi huelekea kwisha baada ya kilometa 30 hivi. Mafuta ya mwili ni mengi zaidi, lakini nguvu yake hutoka polepole. Mtu aendaye kwa kadiri hutumia vyote viwili pamoja. Mtu apitaye kadiri yake huila sukari kwa pupa, na ikiisha, hata ushujaa haumfai kitu. Tena kasi huzidisha joto la mwili, na penye jua ndipo hatari ilipo.

Na afikiriwe kijana atakaye kumaliza kwa saa 3. Yampasa kukimbia kila kilometa kwa dakika 4 na sekunde 16. Akianza kwa dakika 4 kamili, atakapofika kilometa 10 atakuwa amejipatia dakika 2 na sekunde 40, naye atajiona tajiri. Lakini nguvu zikimwishia kwenye kilometa 35, akabaki kujikokota kwa dakika 7 kila kilometa, sehemu iliyobaki itamla dakika 19 na zaidi. Riba ya namna hiyo hata mkopeshaji mkali angeona haya kuidai.

Mwendo wa sawasawa haupatikani kwa kuazimia asubuhi ya mashindano. Hapana budi mwili uuzoee kwa miezi mingi. Kwanza yatakiwa barabara iliyopimwa, na saa. Mkimbiaji akimbie kilometa 1 mara 6 au 8, akipumzika kidogo katikati, na shabaha yake iwe kuzifanya zote zilingane. Ya mwisho ikiwa ya upesi kidogo, si neno; ya kwanza ikiwa ya upesi kuliko zote, somo bado halijaingia. Baadaye akisie muda wake kwa pumzi na kwa mshindo wa miguu kabla ya kuitazama saa. Mara moja kwa juma aende mbali: kilometa 25, kisha 30, hata 35, na zile za mwisho azikimbie kwa mwendo wa mashindano. Penye mlima aifuate pumzi yake, kwa maana anayeng'ang'ania muda wa tambarare kwenye mteremko wa kupanda hulipa huko juu.

Kosa moja limezoeleka sana katika nchi ya wakimbiaji hodari. Kijana hujiunga na kundi la mabingwa, akaenda nao kilometa 10, kisha akarudi nyumbani akitembea. Juma lifuatalo hufanya vivyo hivyo. Huyo ajifunza kuachwa. Na jambo hili si mchezo kwa kijana wa Iten au Nyahururu, ambaye huenda akapata safari moja tu ya ng'ambo kwa mwaka, nauli imekopwa, na nyumbani karo ya shule yangojewa.

Wapo watakaomtaja Samuel Wanjiru, aliyeanza kwa kasi katika joto la Beijing mwaka 2008, akaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu katika marathoni ya Olimpiki. Ni kweli. Lakini Deriba Merga wa Ethiopia, aliyejaribu kwenda naye, alipitwa ndani ya uwanja wenyewe akakosa medali. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia Berlin mwaka 2018, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 61 na sekunde 6, ya pili kwa dakika 60 na sekunde 33. Marehemu Kelvin Kiptum, Chicago mwaka 2023, alitumia dakika 60 na sekunde 48, kisha 59 na sekunde 47.

Siku ya mashindano, basi, mkimbiaji wa saa 3 aache wenye haraka wapite. Anywe maji kidogo kidogo tangu mapema. Kwenye kilometa 5 saa yake yapasa kusoma dakika 21 na sekunde 20. Ikisoma dakika 20, apunguze hapo hapo, wala asingoje mlima umpunguzie.