Unasoma Nini Siku Hizi?

Masomo: Matendo ya Mitume 8:26–40, Wakolosai 4:16



Katika somo letu la kwanza tunamwona mtu mwenye cheo akiwa njiani. Ni towashi wa Kushi, mwangalizi wa hazina yote ya Kandake malkia. Alikwenda Yerusalemu kuabudu, na sasa anarudi kwao akiwa ameketi garini, katika ile njia ya jangwa ishukayo Gaza. Mkononi ana chuo cha nabii Isaya. Tunajua kwamba alikuwa akisoma kwa sauti, kwa maana Filipo aliyekuwa akienda kwa miguu alimsikia. Watu wa zamani walizoea kusoma hivyo. Augustino wa Hippo, aliyeandika zaidi ya miaka 300 baadaye, anasimulia jinsi lilivyokuwa jambo la kuangaliwa kumkuta Askofu Ambrosio wa Milano akisoma kwa macho tu, midomo imefumba.

Liangalieni swali la Filipo. Hakumwuliza mwekahazina yule kiasi cha dhahabu anachokisimamia, wala hakumwomba msaada, ingawa mtu wa namna ile huombwa msaada kila siku. Alimwuliza habari ya kitabu: je, anayaelewa anayoyasoma? Naye mkubwa yule hakuona haya kumkiri mtu mwenye vumbi miguuni kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza. Akamkaribisha apande. Wakaketi pamoja, watu wawili na kitabu kimoja, na mazungumzo yao yakaanzia palepale towashi alipokuwa amefikia, si mahali ambapo Filipo angependa kuanzia.

Hazina na kitabu katika gari moja. Jambo hili hunijia akilini kila nipitapo Sekenke. Wengi wenu mnaijua Sekenke kwa mlima wake. Mtu akitoka Singida kwenda Nzega hana budi kuuteremka, na akirudi hana budi kuupanda, na madereva wa malori huukabili kwa gia ndogo na sala fupi. Lakini Sekenke ilijulikana kwa dhahabu kabla ya kujulikana kwa malori. Mgodi wake ulifunguliwa wakati wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati tena fedha kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Upande mmoja wa sarafu ile yuko tembo mwenye mkonga ulioinuliwa, na milima nyuma yake. Upande wa pili yuko tai wa dola ya Ujerumani. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Leo nyingi katika zile zilizosalia zimo katika visanduku vya watunza sarafu za kale katika nchi za mbali. Aliye nayo huificha, na hatumlaumu, kwa sababu siku akikupa wewe, yeye hana tena.

Kitabu nacho hununuliwa kwa fedha, tena kwa watu wetu fedha hiyo si ndogo. Lakini hadithi uliyoisoma jana usiku, ukimsimulia jirani leo asubuhi, haikupungui hata kidogo. Mara nyingi huongezeka, kwa maana jirani huuliza swali ambalo wewe hukuliwaza.

Mji uleule wa Tabora ulimpokea mwaka 1937 mwanafunzi mmoja kutoka Butiama, Julius Nyerere, ambaye baadaye alirudi hapo kuwa mwalimu. Mtu huyu alipendezwa na tamthilia za Shakespeare. Angaliweza kupendezwa nazo peke yake chumbani, kama walivyofanya wasomi wengi wa rika lake. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, na sidhani kama alikosa kazi nyingine za kufanya, tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ikatoka kwa Kiswahili. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Mimi naiona kazi hiyo kuwa jibu refu la mtu aliyeulizwa na wananchi wenzake, wasiojua Kiingereza: Mwalimu, unasoma nini siku hizi?

Basi, nirudi Sekenke. Wachimbaji wadogo wangali wakiitafuta dhahabu ile katika vilima vile. Siku moja, saa za mchana, nilipita karibu na karasha lililokuwa limezimwa kwa kukosa mafuta. Chini ya mti alikuwako kijana, uso umejaa vumbi la mawe, amezama katika kitabu kisicho na jalada, hata kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kung'oka. Aliponiona akakifutika haraka chini ya paja. Nilimwamkia, nikamwuliza anasoma nini. Akasema, “Si kitu, Mchungaji, ni upuuzi tu wa kupitisha muda.”

Nikaketi. Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya mpelelezi Willy Gamba, ya marehemu Elvis Musiba. Sasa, wako watumishi wenzangu ambao wangemhubiria papo hapo. Mimi nilimwuliza Willy Gamba amefikia wapi. Kijana akanitazama kama mtu anayepima jiwe kujua kama lina kitu. Kisha akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri kupita kiasi: akasimama, akaonyesha jinsi adui alivyonyemelea mlangoni, akashusha sauti, akanyamaza mahali pa kunyamazia. Wenzake watatu wakaja wakaketi. Kwa muda wa nusu saa hapakuwa na mtu aliyelalamikia mafuta.

Ndugu zangu, kwa nini alikificha kitabu kile? Kwa sababu tumewafundisha watu kwamba swali la “unasoma nini” ni mtihani. Tunawauliza ili tuwapime. Ndiyo maana wako wengi ambao ukiwauliza wanasoma nini, hukutajia kile kitabu kinene kilicho kabatini, si hiki chembamba kilicho chini ya mto wa kulalia. Wanataja kinachowapa heshima, wananyamazia kinachowapa furaha. Nami nasema kwamba jibu la namna hiyo halimsaidii aliyeuliza, kwa sababu hamu ya kusoma huambukizwa na uso wa anayesimulia, na uso haudanganyi. Yule towashi alikuwa na chuo kigumu, lakini hakusema uongo juu yake. Alisema alipokwama.

Kijana wangu wa Sekenke alipomaliza, akanigeuzia swali: “Na wewe, Mchungaji, unasoma nini?” Mkobani mwangu kilikuwamo Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1951, ambacho nilikuwa nakirudia. Nikawaeleza. Nchi hii Kusadikika inaelea hewani. Kijana Karama ameshitakiwa barazani kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Karama hajitetei kwa kelele. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa, mmoja mmoja, kwenda pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na habari njema za huko alikokwenda, na kila mmoja zawadi yake ilikuwa kifungo.

Nilidhani nitalazimika kufafanua. Haikuwa hivyo. Mmoja wa wale vijana, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema, “Hiyo ni kama duarani. Anayetangulia kushuka, akirudi juu akasema hewa ya chini ni mbaya, ama nguzo zimelegea, anaitwa mwoga. Mwenye duara anatafuta mwingine wa kumshusha.” Wenzake hawakucheka. Mwingine akatazama pembeni. Nikafahamu kwamba pale palikuwa na habari wanayoijua wao, wala sikuidadisi. Kisha wakaanza kubishana: je, mjumbe wa tano alikuwa na wajibu gani wa kwenda, ikiwa wanne waliomtangulia walikwisha kufungwa? Nimekisoma kitabu kile tangu nikiwa mwanafunzi, nimekifanyia na mitihani, wala hakuna mwalimu aliyepata kuniuliza swali hilo kwa namna iliyomgusa yeye mwenyewe uhai wake.

Wakaniomba niwaachie kitabu.

Hapa tunafika kwenye jambo linalouma. Kusimulia ni rahisi, kuazimisha ni kugumu. Kila mwenye vitabu anaijua orodha ya vile visivyorudi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami naamini walimfahamu vizuri mtu mwenye rafu moja ya vitabu, anayesimama mbele yake akitafuta kipi atakachoweza kukikosa. Katika somo letu la pili Mtume Paulo anawaandikia Wakolosai maneno mafupi ambayo wasomaji huyaruka, kwa sababu yako mwishoni, karibu na salamu. Anawaagiza wakiisha kuusoma waraka wake, wahakikishe kwamba unasomwa na katika kanisa la Laodikia, na ule utokao Laodikia wausome wao. Miji hiyo miwili ilikuwa jirani, mwendo usiozidi siku moja kwa miguu. Paulo hawaambii waufungie waraka sandukuni kwa kuwa ni wa thamani. Anawaambia wabadilishane. Tafakarini: kama Wakolosai wangekuwa na uchoyo wa kitabu tulio nao sisi, huenda leo tusingekuwa na waraka wa kusoma.

Nchi yetu iliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1967 watu wazima wapatao wawili katika kila watatu walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakafunguliwa chini ya miti. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakawa wanasikiliza kipindi katika redio, kisha mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, kisha wote wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Naam, kusoma kulikoishia kwenye jembe na koleo! Kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba wasiojua kusoma wamepungua hata chini ya asilimia 10. Lakini maktaba za vijiji zilizoanzishwa wakati ule nyingi zilikufa, vijitabu vikachakaa, na wako wazee waliopata vyeti vyao kwa jasho, ambao baadaye herufi ziliwatoka kidogo kidogo kwa kukosa cha kusoma. Kujua kusoma kama hakupati chakula hufa njaa. Wala hakikuwa kitabu peke yake kilichokosekana. Alikosekana pia mtu wa kuuliza jioni, “Mzee, leo umesoma nini?”

Kitabu changu nilikiacha. Baada ya miezi kadhaa habari zake zikanifikia kwa njia ya mtu aliyetoka huko. Kilikuwa kimetoka kwa wachimbaji, kimefika kwa mama lishe mmoja ambaye macho yake hayaoni tena vizuri kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Binti yake, aliye shule ya msingi, humsomea jioni wakiisha kuosha masufuria, kurasa chache kila siku, na wateja wanaochelewa kuondoka husikiliza. Walikuwa wamefika kwa mjumbe wa nne. Yule mama alituma neno kwamba kisiulizwe mpaka ajue mwisho wa Karama. Nami sijakiuliza.

Katika nyumba zetu wako wengi walio kama mama huyo: bibi aliyeacha kusoma kwa sababu ya macho, baba aliyelazwa, kijana aliyeishia darasa la nne. Hawana haja ya kuhubiriwa faida za vitabu. Wanahitaji mtu wa kuketi karibu nao na kusoma kwa sauti, kama Filipo alivyoketi garini, akianzia pale walipofikia. Na ikiwa kitabu wanachokipenda ni cha Joram Kiango wa Ben Mtobwa kuliko kile chako cha ibada, anza na Joram Kiango.

Kwa kuwa mmoja wenu atauliza, nami nijibu kwa uaminifu. Katika majuma haya nasoma tenzi ambazo Mwalimu Nyerere alizitunga uzeeni kutokana na Injili nne na Matendo ya Mitume, zilizochapwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki. Kitabu si changu, nimeazimwa na mwinjilisti mmoja mstaafu. Nakisoma kwa sauti, maana tenzi hazikuumbwa kwa macho peke yake, na watoto wa jirani wamezoea kuja dirishani. Baadhi ya beti zinanipendeza sana, baadhi naona vina vimemlazimisha mtunzi kupita njia ndefu. Nimefika pale Filipo anapolikimbilia gari. Nimeahidi kukirudisha kabla ya Pentekoste, kwa kuwa yuko katekista wa Kanisa Katoliki anayekingoja, naye amekwisha kuniuliza mara mbili nimefikia ukurasa wa ngapi.

Bwana awabariki katika juma hili. Amina.