Misuli Kukaza Baharini

Vijana wa Mji wa Kale, nami zamani nilikuwa mmoja wao, hupenda kujitosa majini karibu na Ngome ya Yesu baada ya kucheza mpira alasiri nzima. Hapo ndipo penye hatari. Msuli uliochoka kupita mazoea yake hukaza ghafula, na katika kina kirefu hata mwogeleaji hodari aweza kufa maji kwa kutapatapa.

Wachochea moto wa meli walipopatwa na maumivu haya, ilidhaniwa ni upungufu wa chumvi itokayo kwa jasho. Wakanyweshwa maji ya chumvi, wengi wakapata nafuu. Mwaka 1997 wataalamu wa Cape Town walitoa rai kwamba uchovu huvuruga amri za mishipa ya fahamu. Basi pumzika kwanza, na mazoezi yaongezwe kidogo kidogo. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni haba. Aliyetoka jasho jingi na ale pia chakula chenye chumvi.

Ukishikwa majini, lala chali uelee. Vuta vidole vya mguu kuelekea gotini, polepole, hata msuli ulegee. Kisha rudi pwani, usiingie tena siku hiyo, kwani msuli uliokaza mara moja hukaza tena upesi.