Mtoto Hakondi kwa Siku Moja

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Katito)



Chama chetu hujulikana kwa kusaidiana katika misiba na maradhi. Leo naomba tumfikirie yule asiyeweza kusimama mkutanoni na kueleza shida yake, yaani mtoto aliye chini ya miaka 5.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa umri huo, 18 walikuwa wamedumaa na 5 walikuwa wamekonda kupita kiasi. Mwaka 2014 waliodumaa walikuwa 26, basi hapo tumesonga mbele. Lakini waliokonda hawakupungua, na mtoto wa namna hiyo aweza kuuawa na ugonjwa mdogo kwa siku chache.

Je, huharibika kwa sababu gani? Aghalabu si kwa jambo moja. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, au pacha, au aliyefiwa na mama, huanza safari akiwa nyuma. Kisha huja habari ya kunyonya. Mtoto yampasa kunyonya tu, bila maji wala uji, hata atimize miezi 6. Baadaye ale huku akinyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Lakini mama anayetoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya mpunga au kuuza samaki humwachia dada mdogo mtoto pamoja na kikombe cha uji mtupu, hali omena, maharage na mayai ya nyumbani yamepelekwa sokoni.

Mimba za kufuatana nazo zina hatari. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliwaeleza matabibu wenzake juu ya kwashakoo. Jina hilo alilipata kwa wenyeji wa huko, nao walimaanisha maradhi ya mtoto aliyeondolewa titini kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Tena kuna maradhi: kuhara, malaria, surua, kifua kikuu na UKIMWI. Mtoto anayehara hali, na asiyekula hana nguvu ya kushinda ugonjwa. Mto Nyando ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 2024, vyoo na visima huchanganyika, na chakula kilichoko shambani huoza.

Sasa, wazee wangu, mnivumilie. Mtoto akidhoofika, au miguu ikivimba, wengi wetu husema ni chira, kwamba wazazi wamevunja mwiko. Sikuja kudharau mila ya baba zetu. Lakini mama anayeogopa lawama humficha mtoto ndani, na siku tunazozitumia kutafuta kosa na kuchemsha manyasi ndizo siku ambazo angeokolewa. Mara nyingi mama huyo hungoja kauli ya mama mkwe au ya mzee wa boma. Basi kauli hiyo na itoke mapema.

Dalili zake si ngumu. Bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba, mkihesabu polepole hata tatu; shimo likibaki, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyetimiza miezi 6 apimwe mkono wa juu kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 ni hatari, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Akiwa angali na hamu ya kula, wala hana ugonjwa mwingine mzito, aweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula maalum cha karanga na maziwa kitolewacho na vituo vya afya. Asiyetaka kula hana budi kulazwa.

Bwana Mwenyekiti, naomba Chama kikubali mambo mawili: kila kijiji kiwe na mwanachama mmoja wa kushirikiana na wahudumu wa afya katika kuwapima watoto, na sehemu ya mfuko wetu itengwe kuwa nauli ya mama anayempeleka mtoto hospitali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusiwe wepesi wa kuchangia jeneza dogo, na wazito wa kuchangia nauli.