Kupumua Katikati ya Umati

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

Leo tunazungumzia matamasha ya muziki ya uwanjani, yale ya mijini yanayokusanya maelfu ya watu, na jambo ambalo kila mpenda muziki anapaswa kulijua kabla hajajipenyeza hadi mbele ya jukwaa.

Tuanzie Kinshasa. Ninyi mliotoka Kongo hamhitaji kuambiwa kwamba ule ni mji wa muziki. Tarehe 29 Oktoba 2022 mwanamuziki Fally Ipupa alikuwa na tamasha Stade des Martyrs, uwanja unaobeba watu wapatao 80,000. Siku hiyo watu walijaa hadi kwenye njia za kupita. Baadaye waziri wa mambo ya ndani alitangaza kwamba watu 11 walikuwa wamekufa, wakiwemo polisi 2.

Tarehe hiyohiyo, huko Seoul, Korea Kusini, zaidi ya watu 150 walikufa ndani ya kichochoro chembamba wakiwa kwenye sherehe za usiku. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2021, watu 10 walikufa kwenye tamasha la Travis Scott mjini Houston, Marekani, na mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa miaka 9. Na mwezi Julai 2024 watu walikufa tena Stade des Martyrs. Safari hii walikuwa wamekuja kusikiliza nyimbo za injili. Kwa hiyo anayesema kwamba haya huwapata walevi na vijana watukutu, afikiri upya.

Vifo vya namna hii vikitokea, sisi watangazaji huwa tunasema: watu wamekufa kwa kukanyagana. Neno hilo linatupotosha. Ukilisikia unaona watu wanakimbia, mmoja anaanguka, wengine wanampita juu. Hutokea, ndiyo, hasa watu wakikimbia risasi au moshi wa mabomu ya machozi. Lakini wale 10 wa Houston, uchunguzi wa miili ulionyesha kwamba walikosa hewa kwa kubanwa. Kifua kinahitaji nafasi ya kutanuka ili hewa iingie. Ukibanwa mbele na nyuma, hewa unaitoa lakini huwezi kuvuta nyingine ya kutosha. Mtu anaweza kuzimia akiwa amesimama wima, kwa sababu hata nafasi ya kuanguka hana.

Chukua kijiti, chora chini mraba wa mita moja kila upande, yaani kama hatua moja kubwa ya mtu mzima. Wasimamishe watu wawili ndani, kisha watatu. Wanapumua, wanageuka, wanacheza. Weka wanne, bado wanavumiliana. Wakizidi watano, hatari imeanza. Wakifika sita au saba, hakuna tena anayeamua aende wapi. Umati unakuwa kama maji ya ziwa: anayesukumwa kule nyuma, wimbi lake linafika mbele na kumbana aliyeegemea uzio.

Na yule wa nyuma hajui lolote. Anaona pengo dogo mbele yake, anasogea, maana naye anataka kumwona mwanamuziki. Aliye mbele anapiga kelele, lakini spika zinamfunika. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaokimbilia kuwalaumu mashabiki. Mlango ulikuwa na upana gani? Nani aliendelea kuruhusu watu waingie baada ya kujaa? Hayo ndiyo ya kuuliza kwanza.

Sasa, utajuaje kwamba mambo yanaharibika? Jaribu kuinua mkono ujiguse usoni. Ukishindwa, au ukiona umeguswa na watu pande zote nne, ondoka wakati bado unaweza, hata kama wimbo uupendao ndiyo kwanza unaanza. Ukisikia umati unakuyumbisha bila wewe kutaka, umeshachelewa kidogo, lakini bado kuna la kufanya.

Kunja mikono mbele ya kifua kama mpiga ngumi, ili ulinde nafasi ya kupumua. Simama mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine. Wimbi likija usishindane nalo, nenda nalo. Likitulia, sogea kimshazari kuelekea pembeni, kidogo kidogo. Kaa mbali na ukuta, nguzo na uzio. Usipige kelele bila sababu, kelele inakula pumzi. Simu au kandambili ikianguka, iache, najua inauma lakini iache. Mtoto mdogo anyanyuliwe juu, usawa wa vichwa vya watu wazima, maana huko chini ndiko anakobanwa zaidi. Ukianguka na ukashindwa kuinuka, lala ubavu, kunja magoti, funika kichwa kwa mikono. Na ukiona mwenzako ameanguka, wewe na walio karibu mwinueni haraka.

Huenda mwingine anasema: mtangazaji, sisi Houston tutaenda lini? Ndugu yangu, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, uwanja wa kambi unajaa ngoma, kwaya na wasanii. Fainali za mpira zinaujaza. Siku ya mgao wa chakula watu wanasubiri langoni tangu asubuhi. Wingi hautafika 80,000, lakini lango jembamba halihitaji watu 80,000.

Ninyi viongozi na kamati za vijana mnaoandaa shughuli, kagueni uwanja siku moja kabla. Njia ya kuingilia na ya kutokea zitenganishwe. Lango la kutokea lisifungwe kwa kufuli, hata kwa kuogopa wanaojipenyeza. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu watengewe sehemu yao pembeni, si mbele ya jukwaa. Wekeni mtu mmoja mahali pa juu anayetazama umati tu, asitazame muziki, na mpeni idhini ya kusimamisha kila kitu bila kumwomba mtu ruhusa. Houston muziki uliendelea kwa zaidi ya nusu saa baada ya wakuu wa usalama kutambua kwamba watu wengi wameumia.

Muziki ukishazimwa, mwenye kipaza sauti asiwaambie walio mbele warudi nyuma, maana hawana pa kurudi. Aongee na walio nyuma kabisa, kwa sauti ya utulivu, kwa Kiswahili na kwa Kirundi au lugha nyingine inayosikika hapo: ninyi wa mwisho, geukeni, tembeeni hatua kumi. Kisha wanaofuata. Kisha wanaofuata.

(Muziki unapanda. Mwisho wa kipindi.)